Fundi Aliyekata Mapaa ya Magari

Mteja akiingia uani na gari lake, Fundi hakuliangalia gari. Alimwangalia mteja, kuanzia viatu mpaka kofia, kisha akamuuliza, "Nani atakaa wapi?" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Wengi walidhani mzee ana kasoro kidogo kichwani. Mtu amekuja kuondolewa paa la gari, anaulizwa kama mkewe ni mnene, na kama mama mkwe naye atapanda.

Mimi nilikuwa mshonaji. Karakana yake ilikuwa Jinja, nyuma ya mitaa ya maduka ya zamani, na cherehani yangu ilikaa barazani, upande wa pili wa ua ule ule. Nilishona viti vya magari na maturubai ya malori. Nililetwa Uganda kutoka Mombasa na mume wangu, dereva wa masafa, akafa huko huko akaniacha na binti yetu Rukia na cherehani. Fundi aliniita Mama Lukia, kwa ulimi wake wa Kisoga, na sikuwahi kumsahihisha. Yeye alikata paa la chuma, mimi nikashona paa la turubai la kukunja. Tulikaa hivyo miaka, na sijui kama tulikuwa marafiki. Tulikuwa watu wawili ambao kila mmoja anaijua kazi ya mwenzake.

Sababu ya swali lake ni hii. Gari la zamani la paa la chuma, hasa yale madogo ya fahari ya milango miwili, paa lake si kofia. Ndilo linaloshikanisha mbele na nyuma. Ukilikata tu, tumbo la gari linashuka, milango inakwama. Walikuwapo mafundi wengine Jinja waliokata asubuhi na jioni mteja akaondoka akicheka. Mwezi haujaisha, mteja yule anatoka garini kwa kuruka juu ya mlango kama mwizi wa maembe. Fundi wetu alianza na kazi isiyoonekana. Aliliweka gari juu ya magogo ya mvule, akachomelea mabomba kutoka nguzo ya mlango hadi nguzo, akachomelea chuma kizito chini ya milango yote miwili, kisha akapakia magunia ya mchanga kwenye viti. Mke mnene alikuwa na gunia lake, mama mkwe lake. Gari lilikaa hivyo mpaka likazoea mzigo, ndipo akashika msumeno. "Kukata ni kazi ya asubuhi moja," alikuwa akisema. "Kushika ndiyo kazi."

Akishamaliza, alichukua kijiti cha kiberiti akakipitisha kwenye mwanya wa mlango, kuanzia juu mpaka chini. Kikikwama mahali, alirudi kuchomelea. Hata mteja awe amesimama na funguo mkononi, alirudi.

Biashara yenyewe ilitokana na mambo ya wakati ule. Wahindi walipofukuzwa, magari yao yalibaki, na maduka yao, na paka wao. Vyote vikapata wenyewe wapya isipokuwa paka. Na kwa kuwa mkubwa wa wakubwa alipenda kusimama ndani ya gari la wazi akiwapungia watu mkono, kila mwenye nyota begani akataka naye asimame. Ndiyo maana mzee aliyezoea kunyoosha madigadi ya magari ya wauza nguo akajikuta anawakatia mapaa maafisa wa jeshi. Hakulalamika. Mwenye nguvu mpishe, na sisi tulikuwa tumejifunza kupisha mpaka tukasahau njia ilikuwa yetu.

Mapaa aliyoyakata hakuyatupa. Aliyaegemeza ukutani, moja baada ya jingine, kuku wakalala chini yake, na mkewe, Mama Samweli, akaanika mihogo juu yake. Nikamuuliza kwa nini asiyauze kwa wafua masufuria. Akasema, "Bati ya mtu hauwezi kutupa. Siku moja atarudi kuuliza." Hakuna aliyerudi kuuliza. Baadhi ya wenye mapaa yale hawakurudi kuuliza kitu chochote, wala wake zao hawakujua wawaulizie wapi.

Yeye mwenyewe hakupanda gari la wazi hata siku moja. Likiisha, alimwambia mteja aendeshe kuzunguka mtaa, naye anasimama barabarani mikono nyuma, akisikiliza. Nikamwambia, Fundi, ingia basi upate upepo. Alisema anaogopa jua. Mtu mweusi tii, aliyekaa juani maisha yake yote, akaniambia anaogopa jua, na uso wake haukucheka. Safari zake zote zilikuwa za basi, na kwenye basi alikaa katikati, mbali na dirisha.

Alikuwa mwongo, lakini mwongo wa kitu kimoja tu, nacho ni siku. "Kesho kutwa" yake ilikuwa wiki, na "wiki ijayo" yake iliweza kuzaa na kulea. Nilimwambia kwetu pwani tunasema ahadi ni deni. Akanijibu kwamba kwao Buwenge ahadi ni heshima tu. Mgeni amekuja mpaka mlangoni, utamwambiaje hapana? Lakini habari za chuma hakudanganya hata akiwekewa bunduki. Inspekta mmoja wa polisi alileta gari lililobingirika, akasisitiza linyooshwe. Fundi alipapasa ubavu wake, akasema, "Hii ilikufa, ssebo. Zika." Inspekta akalivuta gari lake akaenda nalo.

Kanisani alikaa benchi la mbele, na karakanani alilitukana bati kwa Kisoga mpaka Mama Samweli akafunga dirisha. Alitupa nyundo, lakini kila mara upande usio na mtu. Alikuwa na kopo la buni za kahawa zilizokaushwa, akampa kila mgeni chache atafune, kama ilivyo desturi yao, na miaka ile ambayo sukari ilikuwa hadithi, buni zile ndizo zilizokuwa chai yetu. Alikuwa bahili wa maneno na mkarimu wa buni. Kwangu alikuwa pia bahili wa sifa. Nikishona turubai likakaa vizuri kama ngozi, alilipapasa kingo zote akasema, "Kale, inaweza," yaani haya, inafaa. Sikupata zaidi ya hapo.

Samweli alikuwa mtoto wake wa pekee wa kiume. Kijana mrefu, mwenye aibu, karani katika kiwanda kimoja Mbale. Askari walimchukua kazini pamoja na wenzake. Kwa nini, sikuwahi kusikia, na watu walikuwa wameshaacha kuuliza kwa nini. Tulijua tu, baada ya kuhangaika kwingi, kwamba yuko gerezani huko huko Mbale na kwamba chakula kinapokelewa langoni. Basi kila Jumapili Mama Samweli aliamka alfajiri akapika viazi vitamu na mchuzi wa karanga, akavifunga kwa majani ya mgomba ndani ya beseni, na Fundi akaacha benchi lake la kanisani akapanda basi. Jioni alirudi na beseni tupu. Mama Samweli alilipokea, akatazama ndani, akaridhika.

Ndipo Meja alipokuja. Alikuja na gari la mfanyabiashara mmoja Mhindi aliyekuwa na duka kubwa barabara kuu, gari jeusi la zamani, la milango miwili, ambalo Fundi mwenyewe alikuwa amelinyoosha madigadi zamani. Lilikuwa zuri. Hata mimi, ambaye magari kwangu ni viti tu, nililijua kuwa zuri. Aliyeliendesha alikuwa koplo, kijana wa kaskazini mwenye msalaba mdogo shingoni, mpole, aliyetusalimu wote.

"Wewe ndio fundi ya kutoa rufu?" Meja akauliza.

"Ndiyo, afande."

"Hii nataka iko wazi. Sherehe iko Mbale. Mimi nasimama nyuma, watu yote inaona mimi."

Fundi alimtazama kuanzia buti mpaka kofia. Nikausimamisha mguu wangu kwenye cherehani, maana nilijua kinachokuja.

"Afande," akasema, "wewe iko kilo ngapi?"

Koplo aliangalia chini. Mimi nilikuwa na sindano mdomoni, nikaona nisiitoe. Meja akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Mama yangu alilisha mimi vizuri. Weka mia moja na kidogo."

"Na nyuma unasimama na nani?"

"Askari mbili."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Halafu, kwa sauti ile ile ya kuulizia kilo, akamwambia kwamba ana kijana gerezani Mbale, jina lake Samweli, na kijana hana kosa. Meja hakushangaa. Nadhani kila nyumba aliyoingia alikutana na ombi la namna hiyo.

"Wewe maliza gari," akasema. "Gari nje, kijana nje. Hii ni neno yangu."

Siku ile ile Fundi alianza. Nami, niliyemjua miaka yote, sikuwahi kumwona akifanya kazi namna ile. Hakutafuna buni. Hakutukana. Magogo, mabomba, magunia ya mchanga, chuma cha chini ya milango, vyote vikaenda kwa mfululizo, na asubuhi moja nilipofika nilikuta paa limeshaegemezwa ukutani na gari liko wazi kama bakuli. Akanijia na vipimo vya turubai kabla sijavua ushungi. "Shona, Mama Lukia," akasema. "Shona upesi." Neno upesi sikuwa nimelisikia kinywani mwake.

Nilishona. Turubai lenyewe nililipata kwa taabu kupitia kwa madereva wa Kenya wanaopitia Malaba, kipande kimoja tu, na nilijua hakuna kingine. Nilipiga mishono miwili miwili, nikapaka nta, nikalipeleka nikiwa na furaha, na sioni haya kusema furaha. Niliona kama ninashona mlango wa kutokea.

Siku nilipolileta, Fundi alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amekaa juu ya gunia la mchanga, anatafuna buni. Alilivisha turubai juu ya mbavu zake za chuma, akachukua kopo la kumwagilia bustani, akalimwagia maji taratibu, kisha akaingia ndani ya gari akakaa. Akatoka.

"Inavuja," akasema.

Niliingia mimi. Nikapapasa mishono yote kwa kidole. Palikuwa pakavu.

"Wapi, Fundi?"

Akaonyesha mahali. Nikapapasa tena. Pakavu.

"Fumua," akasema. "Anza mpya."

Nilidhani macho yake yameanza kuchoka, au vidole. Nililifumua. Ukifumua turubai lililopakwa nta unafumua na kucha zako. Nikalishona upya, likarudishwa. Safari hii alisema linavuta upande. Wakati huo huo naye akarudi chini ya gari, akakata vyuma alivyovichomelea mwenyewe, vyuma ambavyo mimi na yeye tulijua vimeshika, akavichomelea tena. Mchanga akautoa kwenye magunia, akauanika, akaurudisha, kwa madai kwamba mchanga wenye unyevu unadanganya. Nikasema moyoni, amerudi kuwa yeye. Ile haraka ya mwanzo ilikuwa homa tu.

Koplo alikuwa akija. Mwanzoni alikuja akiuliza kwa adabu, baadaye adabu ikapungua, na si kwa kupenda kwake.

"Mzee, afande anauliza gari."

"Mwambie turubai inavuja."

"Mzee," koplo akasema siku moja, "hii mdomo yangu imechoka kusema turubai. Siku ingine atatuma mtu mwingine, si mimi. Unaelewa?"

"Naelewa, bwana."

"Basi maliza."

Fundi akampa buni chache, akarudi chini ya gari.

Siku hiyo nilimvaa. Nilikuwa nimerudishiwa turubai mara ya pili, kucha zangu zimeoza, na nikamwambia mbele ya mkewe kwamba mwanawe anaoza gerezani wakati yeye anacheza na vijiti vya kiberiti. Nilimwambia kuna kazi nzuri na kuna ujinga. Nilimwambia watu wanasema, na kweli walikuwa wanasema, kwamba mzee yule ananenepa ilhali kijana wake amefungwa.

"Mpola, pole pole, Mama Lukia," akasema. "Bado haijakaa."

Mama Samweli ndiye aliyenituliza. Alikuwa akija kukaa kando yangu barazani, akimenya karanga za Jumapili. Nilikuwa nimemjua akiwa mkavu, asiyekula, mtu wa kukaa na kutazama lango. Tangu Meja atoe neno lake alikuwa amefufuka. Alikuwa anakula. Alipaka chokaa chumba cha Samweli. Aliniambia mtoto akirudi atamtafutia mchumba kwao Buwenge, msichana asiye na maneno mengi, kwa sababu Samweli naye hana maneno na hawezi kuoa redio.

"Acha baba yake atengeneze vizuri," akaniambia. "Gari ikiharibika mbele ya watu, afande atakasirika na mtoto hatatoka. Shona vizuri tu, nyabo. Sisi tunangoja."

Nikashona mara ya tatu.

Mwisho Meja alikuja mwenyewe, na hapo hapakuwa na cha kusema juu ya turubai. Alisimama uani, hakucheka safari hii. Fundi akatoa magunia, akashusha gari kutoka kwenye magogo, akapitisha kijiti chake cha kiberiti, juu mpaka chini, kulia na kushoto. Kilipita. Akampa Meja funguo. Alikuwa na rangi ya majivu, nami nikafikiri ni hofu.

"Na kijana, afande?" akauliza.

"Baada ya sherehe," Meja akasema.

Sherehe ilikuwa Mbale, na sisi wenye biashara tuliambiwa tufunge tukapige makofi. Tulipakiwa kwenye malori. Fundi alisimama kando yangu katika umati. Gari jeusi likaja polepole, turubai limekunjwa nyuma vizuri, na ndani ya gari Meja amesimama, si na askari wawili, bali wanne. Nilimsikia Fundi akivuta pumzi. Hakumtazama Meja hata mara moja. Alitazama mwanya wa mlango. Gari lilipita mbele yetu na mwanya haukupungua hata unywele. Mbele ya jukwaa likasimama, Meja akafungua mlango kwa kidole, akashuka kama bwana harusi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Sikusikia uchungu wala chuki, mikono ilikuwa inapiga tu. Miaka ile watu wengi tulikuwa tumekufa ganzi, na ganzi haiumi, ndiyo ubaya wake.

Samweli hakutoka. Fundi alimwambia mkewe kwamba Meja amesema vijana wamehamishiwa shamba la jeshi, upande ule ule wa Mbale, watarudi baada ya mavuno. Mama Samweli akahesabu mavuno kwa vidole, akaona si mbali. Kabla mavuno hayajafika, Meja naye alipotea, kama walivyokuwa wakipotezana wenyewe kwa wenyewe, na wa kumuuliza hakuwepo tena. Mambo yalipozidi nilimchukua Rukia nikarudi Mombasa. Fundi alinisindikiza mpaka kituo cha basi. Alinipa buni zilizofungwa kwenye gazeti.

Nilirudi baada ya utawala ule kuanguka, kuangalia kama kimebaki chochote cha kwangu. Cherehani haikuwepo, wala sikuilaumu. Ua ulikuwa na watu wengine. Jirani akaniambia Mama Samweli alikufa zamani, aliumwa na hospitali haikuwa na dawa, na kwamba mzee ameacha shamba la baba yake Buwenge amekwenda kupanga chumba Mbale. Ndugu zake walikuwa wamemkasirikia. Mtu hazeeki ugenini wakati ana migomba yake, walisema, na mwisho wakasema amerukwa na akili.

Nilipanda basi nikaenda. Nilimkuta upande wa viwanda, chini ya ukuta wa ghala lililofungwa, anatengeneza masanduku ya bati ya watoto wa bweni. Alikuwa amekonda sana. Aliniangalia, akanisogezea gunia nikae. Tuliongea habari za Rukia, habari za Mombasa. Nami nilikuwa nimekuja na jambo. Kule Jinja nilikutana na mtu aliyekuwa gerezani pamoja na Samweli, akaniambia kijana alikufa mapema, kabla hata ya sherehe. Nilifikiri mzee hajui. Nilikuwa nimekuja kumwambia, kwa sababu niliona si haki ajue kwa mtu mwingine. Nikamwambia.

Aliendelea kukunja pembe ya sanduku mpaka ikakaa.

"Mimi najua," akasema. "Ilikuwa Jumapili. Ile siku ulikuwa unashona turubai ya kwanza. Nilifika pale lango na beseni. Askari ya magereza akaniambia, mzee, hii chakula kula wewe."

Akageuza sanduku upande wa pili. Nikamwacha.

"Nikasema, kijana amehama? Akasema, mzee, kula wewe. Nikapanda basi. Sasa nikafikiri, mama yake ataona beseni imejaa. Nikala. Yote. Jumapili ingine akapika tena, nikaenda, nikakaa chini ya kilima pale Mbale, nikala. Kila Jumapili nilikula."

Nilikumbuka nilivyomwambia mbele ya mkewe kwamba ananenepa. Nikamuuliza kwa nini basi hakumaliza gari siku ile, au kwa nini hakuliacha lote.

"Nikimaliza, mama yake atauliza mtoto iko wapi. Nikiacha, Meja atauliza nani alisema mtoto amekufa, na ile askari ya lango ilikuwa mtu mzuri. Lakini kama gari iko juu ya magogo, bado tunangoja. Mama yake alikuwa anakula, Mama Lukia. Wewe uliona. Alikuwa anakula na anacheka."

"Kwa hiyo turubai langu halikuvuja."

"Haikuvuja. Hata ile ya kwanza. Ile ya kwanza ndio ilikuwa nzuri kupita zote."

Nilikasirika. Niseme kweli, ilikuwa hasira yangu ya kwanza baada ya miaka mingi. Nililikumbuka turubai lile, nta kwenye kucha, mishono miwili miwili, na mimi nikijiambia kila mshono unamsogeza Samweli karibu na lango, kumbe ninamshonea mtu aliye chini ya ardhi. Nilimwambia hayo yote. Alisikiliza, kichwa ameinamisha. Hasira ikaisha, nikaona hakuna pa kuiweka. Nikamwambia angelinirudishia tena, ningelishona mara ya nne. Akasema alitaka kunirudishia, ila Meja alikuja mwenyewe.

"Na lile gari?" nikamuuliza. "Ulijua wamemuua mtoto wako. Ungelikata vibaya, lingemkunjikia pale mbele ya jukwaa. Hata ukaongeza chuma, likambeba yeye na askari wanne."

Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Gari ilikosa nini?" akasema.

Jua lilikuwa limesogea, akavuta gunia langu kivulini bila kuniuliza. Nikamuuliza Mama Samweli alijua lini.

"Hakujua. Aliumwa, akawa anauliza tu. Siku ya mwisho pia aliuliza. Nikamwambia Samweli iko Mbale, anakuja. Akalala."

Kwao, mtu akifa na mwili wake usipatikane, ndugu huchimba kaburi wakazika kipande cha mgomba mahali pake, wakalia, mambo yakaisha. Nilishuhudia mazishi ya namna hiyo mengi miaka ile. Ndugu zake walimtaka azike mgomba wa Samweli kando ya mama yake huko Buwenge, na kaburi walishalichimba wenyewe. Akakataa, wakagombana, akaondoka. Nilimwambia, kwa upole kadiri ninavyoweza, kwamba labda ndugu wana haki, kwamba labda akizika atapumzika.

Akashika nyundo, akaiweka chini tena.

"Mimi nilisema kwa mama yake, Samweli iko Mbale," akasema. "Sasa nazika yeye Buwenge namna gani?"